Mawe Kumi na Moja ya Casimir

Miaka ile ukifika mji wa Baraka, kando ya ziwa, ukaulizia nyumba ya Casimir Wilondja, watu walikujibu kwa swali: "Wilondja wa mawe?" Wala hakuwa akiyauza mawe, wala hakuwa akiyajengea. Aliyabeba mara moja tu, mwaka 1983, na kwa sababu ya safari hiyo moja akawa na karatasi aliyoifunga kwa plastiki mbili, akaitia ndani ya Biblia, Biblia akaifungia sandukuni. Ilikuwa na muhuri wa zambarau na maneno ya Kifaransa aliyoyajua kwa moyo: kwamba Bwana Wilondja ni mtu wa kuaminika, mwenye macho makini, asiyekosea.

Asiyekosea! Kijana wa miaka ishirini na minne akipewa neno kama hilo ni wa kuhurumiwa, maana atalibeba mpaka mvi zimwote, na neno halitui kama mzigo.

Casimir alizaliwa mvuvi, na angebaki na ndagala wake, dagaa wa ziwani, hadi leo kama Injinia Bonaventure asingefika kutoka Kinshasa akitafuta vijana wenye miguu migumu. Bonaventure alikuwa mtu wa miamba. Kazi yake ilikuwa kuandika, katika milima iliyo juu ya Fizi, ni mwamba gani umelala chini ya upi. Alisema kwamba zamani za zamani, kabla ya mtu wala ng'ombe, maji yalitandika mchanga tabaka juu ya tabaka, na mahali pengine moto ulitoka ardhini ukamwaga uji mweusi uliopoa ukawa jiwe. Ukijua kipi kilitangulia, umejua historia ya nchi. Casimir hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mtoto wa ziwani huona kila siku jinsi maji yanavyotandika mchanga.

"Wa chini njo mukubwa," alisema, yaani aliyelala chini ndiye aliyetangulia.

"Njo vile," alijibu Bonaventure, na tangu siku hiyo akampenda.

Ikabaki sehemu moja tu, korongo lenye kuta ndefu, mwendo wa siku mbili. Malaria ikamwangusha Bonaventure hapohapo Baraka, na boti ya kumrudisha ilikuwa imekwisha kupangwa. Akamwita Casimir kitandani. "Anzia chini, mtoni. Kata jiwe moja katika kila tabaka, liandike namba, kisha panda. Moja iko chini, kumi na moja iko juu. Usikosee." Rangi ya kuandikia ilikuwa imekwisha, akampa chaki.

Casimir alikwenda. Huko juu mfugaji mmoja aitwaye Sebatware alimpa maziwa na kumwonyesha njia ya kushukia. Akiwa korongoni mvua ilimkuta. Kuta zilikuwa zimevaa ukungu wa kijani toka chini hadi juu, na kila jiwe lililolowa lilifanana na mwenzake, na yeye wakati ule hakuwa bado amejifunza kuyatofautisha. Alikata, aliandika, alifunika kwa jani la mgomba, akatia kitungani: la kwanza chini kabisa, la kumi na moja juu. Akarudi siku mbili chini ya mzigo ule. Alifika nyumbani saa nne asubuhi, akatua kitunga mlangoni, akalala na matope yake hadi magotini.

Adolphine, mke wake, alikuwa na siku kumi na sita katika nyumba ile. Alitoka Lweba, na mama yake alimfunza kwamba mzigo wa mgeni hauingii ndani na udongo wa njia. Bibi arusi naye huangaliwa. Mama mkwe alikuwa akifagia upande wa pili wa kiwanja, na mtu angedhani ufagio wenyewe una macho. Basi Adolphine akabeba kitunga hadi ziwani. Akayatoa mawe moja moja, akayasugua kwa mchanga na majani, akayapanga mkekani yakauke. Casimir alipoamka aliyakuta mawe kumi na moja yanang'aa kama sahani za karamu, na hakuna hata moja lenye namba.

"Uliyatoa namna gani?" aliuliza.

"Moja moja, nikayapanga mustari." Adolphine alionyesha mwanzo wa mstari kwa kidole. Halafu sauti ikampungua. "Nimekosea?"

Ng'ambo ya kiwanja ufagio ulisimama. Casimir alimwona mama yake ameinua kichwa, akauona na uso wa mke wake, akasema haraka: "Hapana. Umefanya muzuri."

Alichukua chaki akaandika kufuata mstari, moja, mbili, tatu, hadi kumi na moja. La sita lilikuwa kubwa mno, halikuingia katika sanduku la Bonaventure. Akavunja kona yake yenye ukubwa wa ngumi, akaitia sandukuni, na kipande kikubwa kilichobaki Adolphine akakipenda kwa mgongo wake bapa, akakifanya figa la tatu. Kwa kazi hiyo njema Bonaventure aliandika ile karatasi na kugonga muhuri.

Jioni yake Casimir alimwona mama yake akitoa ndagala guniani kwa mikono miwili, wale wa juu kwanza, na hapo akaelewa. Kinachotoka kwanza kitungani ndicho kilichoingia mwisho. Jiwe aliloandika moja lilikuwa la kumi na moja. Milima yote ilikuwa imegeuzwa kichwa chini.

Boti ya Bonaventure iliondoka kesho yake saa mbili. Kulikuwa na muda. Lakini angesema nini? Kwamba mke wangu wa siku kumi na sita ameharibu kazi yako? Habari ingefika Lweba kabla ya chakula cha mchana. Casimir alijiambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba mawe ni mawe, watu wa Kinshasa watajua wenyewe. Alisimama ufukoni akapunga mkono.

Watu wa Kinshasa hawakujua. Baada ya miaka miwili parokiani kilifika kitabu cha Bonaventure, na katika ukurasa mmoja palichorwa korongo lake: mchanga chini, jiwe jeusi la moto juu. Majirani walikuja kukitazama. Casimir aliwaonyesha jina lake chini ya ukurasa, kwa fahari, na kwa maumivu ambayo hakumwambia mtu. Bonaventure akafa miaka michache baadaye, na Casimir alimlilia kwa kweli, ingawa sehemu moja ya moyo wake ilipumua, akajichukia kwa hilo.

Kisha ikaja vita ya kwanza, mwaka 1996. Casimir, Adolphine na watoto wao walikimbilia porini wiki tatu. Walipojaribu kurudi, askari mmoja kizuizini aliwatoa wanaume katika mstari. Ilipofika zamu yake Casimir hakuwa na kitambulisho, alikuwa na ile karatasi. Askari akaisoma, akacheka hadi akajifuta macho. "Asiyekosea? Hata mukubwa yetu anakoseaka! Pita, muzee." Wanaume wawili waliokuwa nyuma yake hawakupita. Tangu siku ile Casimir aliona kwamba uhai wake wenyewe amekopeshwa na neno la uongo, na mtu hulilindaje jambo kama hilo, na hulitupaje?

Nyumbani walikuta mabati yamechukuliwa, milango imechukuliwa, masufuria yamechukuliwa. Mafiga matatu yalikuwa palepale. Nani aibe mawe?

Mwaka 1998, Julai, wakati bunduki zilipokuwa zimepumzika kidogo, akaja mwanamke kutoka Bukavu, jina lake Clarisse, mwalimu wa miamba, mwanafunzi wa zamani wa Bonaventure. Alifikia kwa masista wa parokia, akamwita Casimir. Casimir alivaa shati la Jumapili akaenda na karatasi yake.

"Papa Casimir," Clarisse alianza baada ya salamu na habari za watoto, "niko na shida, na ni wewe peke yako unaweza kunisaidia."

Akamweleza. Ndani ya jiwe la mchanga kuna chembe ngumu, ndogo kuliko punje ya chumvi, na kila chembe huhifadhi umri wake. Jiwe haliwezi kuwa la zamani kuliko chembe zilizolitengeneza. Kabla ya vita alituma Ulaya vipande viwili vya mawe ya Bonaventure, namba tatu, ambayo ni mchanga, na namba tisa, ambayo ni jiwe la moto. Majibu yakaja: mchanga una chembe za miaka milioni mia saba. Jiwe la moto lina miaka milioni mia tisa.

"Na kitabu kinasema mchanga njo uko chini," alisema Clarisse. "Wa chini amekuwa mudogo kuliko wa juu. Ni kama mutoto amezaliwa kabla ya mama yake. Bakubwa ya kazi banasema nilichanganya mawe, eti nifute ile miaka ao niache kiti changu. Stoo iliporwa, mawe yote yalipotea. Kikao ni siku ya kwanza, Jumatatu inakuja. Nilitaka kwenda ku korongo mwenyewe, lakini njia…"

Hakumaliza, wala hakukuwa na haja. Tangu vita, watu wa ziwani na wafugaji wa juu walitazamana kwa mitutu. Sebatware, aliyekuwa akishuka sokoni na siagi, hakuonekana tena. Casimir hakujua kama yu hai, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza bila kutiliwa shaka, na jambo hilo lilimuuma kila alipokunywa maziwa.

"Niambie tu hii moja. Jiwe namba moja lilitoka chini, mutoni?"

Neno moja tu. Ilitosha Casimir aseme hapana. Aliwaona watu wa mtaani, wakimwita Wilondja wa mawe. Aliwaona wale wanaume wawili wa kizuizini.

"Ndiyo," alisema.

"Uko na hakika?"

Akafungua plastiki ya kwanza, akafungua ya pili, akaiweka karatasi mezani. Clarisse aliisoma, akautambua mwandiko wa mwalimu wake, akafunga daftari polepole.

"Basi kosa ni langu," alisema. "Aksanti, papa. Kesho kutwa saa sita napanda boti."

Aliporudi nyumbani Casimir alikaa barazani siku nzima, na siku iliyofuata pia, ametulia kama maji mtungini. Alhamisi asubuhi Adolphine aliinjika maharagi, akaja akasimama mbele yake na mwiko mkononi.

"Baba Bienfait, unagonjwa ao umekufiwa?"

Akamwambia yote, kuanzia mkeka hadi parokiani. Alitazamia kilio. Adolphine hakulia.

"Mi nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza, nimekosea? Ukasema nimefanya muzuri. Tangu ile siku naoshaka kila kitu kinaingia mu hii nyumba, hata viazi mara tatu, juu ulisemaka nilifanya muzuri. Mukubwa muzima! Miaka kumi na tano!"

"Nilikuwa nafunika haya."

"Ya nani? Yangu ao yako?"

Casimir aliipima haya ile. Siku ya kwanza ilikuwa ya Adolphine, hilo ni kweli. Lakini ya miaka iliyofuata yote, na ya juzi pale mezani, ilikuwa ya nani? Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameficha mpaka akaanza kuua kazi ya mtoto wa watu.

"Yangu," alisema.

Adolphine alimtazama, kisha akageuka, akaipua chungu cha maharagi yaliyoiva nusu, akavuta kuni nje ya moto. "Lete maji."

"Ya nini?"

"Lete maji! Ile mama atakuamini juu ya nini? Juzi ulisema ndiyo, leo unasema hapana. Mudomo yako imekwisha bei." Alikuwa amekwisha kulisukuma figa la tatu kwa kijiti, linatoa moshi. "Hii jiwe iko na vitu ndani. Niliviona siku ya kwanza, pale nilioshaka. Vijiwe vyeusi, kama mbegu mu papai. Nilidhani yote iko vile."

Masizi ya miaka kumi na tano si mchezo. Walilisugua ufukoni, yeye kwa majivu na mchanga, Casimir akimmiminia maji, bila kusemezana. Ngozi ya vidole ilichubuka. Mwishowe jiwe likatoa rangi yake ya kijivu, na ndani ya kijivu kile, upande wa chini uliokuwa umegusa ardhi miaka yote, vikaonekana: vijiwe vyeusi, vya mviringo, vimebanwa mchangani. Casimir alivijua mara moja, kwa kuwa sasa alikuwa mtu mzima aliyewahi kusoma kitabu cha Bonaventure mara mia. Vilikuwa vipande vya jiwe la moto.

Saa sita ilikuwa inakaribia. Adolphine alijitwika jiwe juu ya kitenge, akatangulia.

Clarisse alikuwa ameshaingiza mguu mmoja botini. Abiria walikuwa wengi, wabeba mizigo wanapiga kelele, na nusu ya watu wale walimjua Wilondja wa mawe. Casimir alipiga moyo konde, akasema mbele yao wote.

"Madame, nilikudanganya. Mawe yalioshwa, namba zikatoka, mimi nikaandika upya, nikayageuza. Moja njo kumi na moja. Bonaventure hakujua, alikuwa na malaria. Nimejua tangu ile siku ya kwanza."

Clarisse aliutoa mguu botini. Uso wake haukuwa na shukrani hata kidogo. "Papa, miaka miwili naitwa muongo," alisema. "Na juzi nilikuuliza macho kwa macho."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Mtu mmoja botini akacheka, mwingine akamnyamazisha. Adolphine hakungoja wamalizane. Alilitua jiwe mchangani. "Mama, kwanza angalia. Hii njo namba sita. Njo mi niliosha yote ile siku, na hii naipikiaka, leo nimeiosha tena."

Clarisse alipiga magoti na sketi yake safi, akatoa kioo cha kukuzia, akakaa hapo mpaka nahodha akaanza kulalamika. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamejaa.

"Mama, unajua hii ni nini?"

"Mi siko mwalimu," alisema Adolphine. "Lakini nikikuta kigae mu tofali, najua chungu ilivunjika kwanza, tofali ikakuja nyuma."

"Njo hivyo," alisema Clarisse, akicheka na kulia. "Njo hivyo kabisa. Jiwe la moto lilikuwako, likavunjika, mchanga ukaja kulifunika. Mchanga uko juu. Ile miaka haina kosa." Akahesabu kwa vidole, akacheka tena. "Na namba sita, ukihesabia chini ao ukihesabia juu, inabaki sita. Ni hii moja tu haikugeuka."

Casimir alimpa karatasi yake, akamwomba afute neno asiyekosea. Clarisse aliikataa. "Ni ya Bonaventure, siyo yangu," alisema. Hakumwambia amemsamehe. Alimwambia tu kwamba amefika kwa wakati, akalipakata jiwe mapajani, boti ikaondoka.

Siku ile waliyala maharagi magumu. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili vilevile hayakitulizi. Ilibidi Casimir akatafute jiwe lingine, na Adolphine alikataa manne kabla ya kukubali la tano.

Haikupita mwezi, vita ya pili ikaanza. Safari hii walivuka ziwa usiku na mchana hadi Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Adolphine alipofunga mizigo aliuliza, "Na karatasi yako?" Casimir akasema, "Iache," wakaiacha sandukuni. Kama Clarisse alifika Bukavu salama, kama kikao kilikaa, hawakujua. Watu walikuwa wakifa. Nani angeuliza habari za mchanga?

Baada ya miaka mitatu padri mmoja aliyetoka Kigoma alileta bahasha iliyochakaa, yenye jina la Clarisse mgongoni. Ndani mlikuwa na kurasa chache zilizochapwa, na katika ukurasa mmoja palichorwa korongo: jiwe jeusi chini, mchanga juu, na miaka yao pembeni, mia tisa na mia saba, kila mmoja mahali pake. Casimir aliikalia picha ile mbele ya kibanda chao muda mrefu. Alilia, na hakujificha.

"Nasikia tuko humo," alisema Adolphine, akichochea moto. "Soma."

Casimir alitafuta kwa kidole maandishi madogo ya chini, akamfasiria kutoka Kifaransa: kwamba mawe yalikusanywa na Casimir Wilondja, ambaye baadaye alisahihisha mpangilio wake mwenyewe, na kwamba jiwe la sita lilitunzwa, na kuoshwa, na Mama Adolphine wa Baraka.

Adolphine alifunika chungu, akakaa kwenye kigoda.

"Bameandika niliosha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ile ya pili ao ile ya kwanza?"

"Ya pili. Ile ya kwanza hawakuiandika. Nadhani Madame alitaka kukufichia haya."

Adolphine alimtazama mume wake kama alivyomtazama siku ile ya maharagi, na mwiko ulikuwa mkononi vilevile.

"Basi bado bamekosea," alisema. "Tafuta kalamu, Baba Bienfait. Baambie ni mara mbili."

Casimir akaingia ndani kutafuta kalamu.